Kiwanja cha bondeni: maelekezo ya fundi aliyejenga pasipojengwa

Mwaka 2014 mama mmoja alinipa kazi ya kumjengea vyumba vitatu na sebule karibu na Mto Msimbazi, Dar es Salaam, upande wa Kinondoni. Kiwanja alikinunua kwa dalali. Karatasi ya mauziano ilikuwa na muhuri wa mtaa, na nguzo ya umeme ilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Nilipochimba msingi, kabla shimo halijanifika magotini, maji yakaanza kuchuruzika kutoka ubavuni. Ilikuwa Septemba, jua kali, mvua hakuna. Fundi yeyote aliyeshika koleo miaka miwili anajua maana yake, na mimi nilikuwa nimeishika zaidi ya kumi na tano.

Nikamwambia, "Mama, hapa tupandishe msingi kozi tano za tofali badala ya tatu."

Akanijibu, "Fundi, wewe ndiye unayejua."

Ndiyo, nilijua. Nikapandisha kozi tano, nikalipwa changu, nikaondoka. Desemba 2015 ukuta wake ulipigwa X nyekundu, na siku chache baadaye greda likapita. Nyumba niliyoijenga miezi minne iliangushwa kwa muda wa kunywa chai.

Mimi mwenyewe sikuwa na cha kumcheka. Nilikuwa mkazi wa Jangwani, kwenye bonde la mto huo huo, yalipokuja mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa Dar es Salaam. Usiku ule nililala juu ya bati na watoto wa jirani. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyapata pande zote mbili: nimejenga pasipojengwa na nimekaa pasipokalika. Yachukue kama ya fundi. Mwanasheria ana yake, na kuna mahali nitakwambia umtafute.

Usidanganywe na nguzo ya umeme

Watu wengi hununua bondeni kwa hesabu moja: serikali ipo pale, basi panafaa. Umeme umefika, bomba limefika, shule ipo, na kodi ya majengo unakatwa kila ununuapo umeme wa LUKU tangu Agosti 2021 (ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500). Mtu anajiuliza, wanichukulieje kodi kwa nyumba isiyotakiwa kuwepo? Swali zuri, nami nimeliuliza mara nyingi. Ila shirika la umeme linauza umeme na mtoza kodi anatoza kodi. Hakuna kati yao aliyepima maji yanafika wapi.

Mfano mkubwa uko Jangwani kwenyewe. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016, karakana yake ilikuwa katikati ya bonde la Msimbazi. Maji yaliingia mara kwa mara, mabasi yakaharibika, na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale darajani zaidi ya nilivyoweza kuhesabu. Yaani serikali yenyewe iliegesha magari yake kwenye njia ya mto, ilhali mpango wa jiji wa mwaka 1979 ulikwisha kulitaja bonde hilo kuwa si mahali pa kujenga. (Jina Jangwani nalo. Aliyelitoa lazima alipita pale mwezi wa nane.) Ukiona jengo la serikali kwenye kiwanja cha jirani, usilichukue kuwa ni cheti cha usalama.

Sheria yenyewe haina mafumbo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ufukwe wa bahari au ziwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, inazitaja hizo hizo mita 60 miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ni ya hatari. Hizo namba mbili, 57 na 7, ziandike nyuma ya daftari lako. Afisa akikuzungusha, mtajie. Dalali naye mtajie, utaona anavyotafuta simu mfukoni.

Namna ya kukikagua kiwanja

Nenda masika, kati ya Machi na Mei. Dalali atataka akupeleke Agosti, ardhi imekauka na upepo unavuma vizuri. Mwambie utarudi Aprili. Akisema kuna mteja mwingine analeta pesa kesho asubuhi, mwache huyo mteja alete. Na usijidanganye kwamba ukishapita masika umesalimika, kwani mafuriko ya 2011 yalikuja na mvua za vuli.

Kama huwezi kusubiri, soma ardhi. Tazama mimea kwanza. Matembele na mchicha ukiyaona yamenawiri wakati wa kiangazi bila mtu kumwagilia, maji yako karibu na uso wa ardhi. Matete na migomba minene vivyo hivyo. Kisha inua macho utazame matawi ya miti. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019. Ukiona mabaki yake yamenasa kwenye mti juu ya kichwa chako, usidhani yalirushwa na upepo wa jana. Uwezekano mkubwa yalipandishwa pale na maji, na yalipandishwa zamani.

Tazama kuta za majirani. Mstari wa tope hubaki hata baada ya rangi mpya, kwa sababu mtu hupaka rangi juu tu, na tope limeshafyonzwa na ukuta hadi ndani. Plasta inayobanduka na kuacha unga mweupe kama chumvi ni ishara ya unyevu unaopanda kutoka msingini. Angalia milango: kama watu wamejenga vizingiti vya saruji vya kufika magotini, tena kwenye mlango wa sebule, hawakufanya hivyo kwa urembo. Na ukikuta nyumba ambayo unashuka ngazi kuingia ndani, na dirisha lake liko usawa wa mapaja yako, jua nyumba hiyo haikujengwa chini. Mto umekuwa ukileta tope kila mwaka na uwanja umepanda. Jangwani na Kigogo nimekarabati nyumba za namna hiyo, na tulipochimba tulikuta jamvi (sakafu ya zege) la zamani chini ya jamvi jipya, na chini yake jingine.

Halafu uliza watu, lakini uliza vizuri. Usimuulize mwenye nyumba. Naye anatafuta wa kumuuzia. Ongea na wapangaji, mama wa vitumbua, watoto wanaotoka shule. Na usiulize "maji yanafika hapa?" Utajibiwa, "Hayafiki, yanapita tu." Nimeambiwa hivyo kwa masikio yangu. Uliza hivi: "Mwaka ule wa mafuriko mlilala wapi?" Akikutajia jina la shule au nyumba ya shangazi Mbagala, umeshapata jibu.

Mlipe kijana akuchimbie shimo la futi tatu jioni, ulifunike, urudi asubuhi. Likiwa na maji, choo chako kitakuwa na maji, na msingi wako utakuwa na maji. Gharama ya shimo hilo ni ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji.

Mita 60 unaweza kuzipima kwa miguu, kama hatua 80 za mtu mzima. Anzia pale ukingo unapokatika, usianzie pale maji yanapoonekana. Ila mita hizo zina walakini mmoja ambao sheria haikukuambia: mto unatembea. Kingo za Msimbazi ni za kichanga, na wachimba mchanga wanazila kila siku. Nyumba iliyokuwa mbali na mto wakati naanza ufundi leo choo chake kinaning'inia. Kwa hiyo ukiona ukingo umesimama wima kama ukuta, mchanga mbichi unaonekana na mizizi imebaki hewani, ongeza hatua zako mara mbili. Na ukumbuke maji yako hayatoki mbinguni juu yako. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, halafu unapokea Mto Ng'ombe, Luhanga na mingine njiani. Jua linaweza kuwa linawaka Kigogo huku mto unapanda.

Jambo la mwisho ambalo wanunuzi hulisahau ni barabara. Barabara ikinyanyuliwa kwa kifusi na kalavati likawekwa dogo, eneo lote la upande wa juu linageuka bwawa hata kama liko mbali na mto. Tembea hadi kwenye kalavati, uinamie. Ukikuta limeziba nusu kwa mchanga na chupa, basi lina nusu ya kazi. Na usidhani utalimaliza tatizo kwa kumwaga malori ya kifusi kwenye kiwanja chako. Maji utayasukuma kwa jirani, jirani naye atamwaga chake, na mtaa mzima utaingia kwenye mashindano ambayo mshindi ni mwenye lori.

Karatasi

Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba fulani amemuuzia fulani. Hausemi kitu kuhusu ardhi yenyewe. Hata leseni ya makazi, ambayo wengi wa mabondeni wanaitunza kama hati, ni ya muda maalumu na si sawa na hati miliki.

Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, yaani malipo ya awali. Kama kiwanja kimepimwa, toa namba ya kiwanja na kitalu, omba upekuzi wa umiliki, na omba kuona mchoro wa mipango miji. Waulize matumizi ya eneo hilo ni nini kwenye mchoro. Ukisikia "eneo la wazi", "hifadhi ya mto" au "eneo hatarishi", sema asante uondoke. Kama hakijapimwa, simama katikati ya kiwanja, chukua majira ya nukta (GPS) kwa simu, umpelekee afisa mipango miji. Kwa mito ya Dar es Salaam kuna pia Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Hao ndio wenye neno kuhusu mto na kingo zake, na watu hawaendi kwao kwa sababu hawajui kama wapo.

Chochote utakachoambiwa, omba kwa maandishi. Mwaka ule wa 2014 yule mama alikuwa ameuliza. Aliambiwa kwa mdomo, na mtu wa ofisi fulani, kwamba "hapo hakuna shida, wengi wamejenga." Siku ya greda hakuna aliyekumbuka kusema maneno hayo.

Kibali cha ujenzi kitangulie jembe. Mafundi wenzangu hawatapenda nikisema hivi, lakini fundi akikwambia kibali mtakifuata baadaye, anajali zaidi malipo ya wiki hii kuliko nyumba yako. Nimekuwa fundi huyo.

Kama tayari unakaa huko

Sitakwambia uhame kesho. Najua kodi za nyumba zilivyo, najua nauli kutoka pembezoni, najua kwamba kutoka bondeni unatembea kwa miguu hadi Kariakoo. Basi fanya haya.

Hati, vyeti vya shule, kadi za kliniki na vitambulisho vya taifa (NIDA), funga kwenye nailoni mbili na uzitundike juu ya linta, ile boriti ya juu ya milango, halafu nakala mpe ndugu anayekaa mlimani. Piga picha nyumba yako leo hii, ikiwa nzima: nje pande zote nne, kila chumba, friji, cherehani, kochi. Zitume kwa mtu mwingine, kwa sababu simu nayo hubebwa na maji. Utaona baadaye kwa nini hili nimelitanguliza.

Fuatilia Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wana ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Watu hupuuza kwa sababu mara nyingine angalizo hutolewa na mvua isinyeshe. Mimi sheria yangu ni hii: likitoka angalizo nazinyanyua mali, ikitoka tahadhari watoto wanakwenda kwa bibi yao. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla maji hayajafika soketi, na usiuguse ukiwa umesimama majini. Maji yakifika magotini na yanakwenda kasi, achana na friji. Namba ya zimamoto na uokoaji ni 114.

Na jamani, tabia ya kutapisha vyoo mvua inaponyesha tuiache. Kinyesi unachokifungulia kinaingia sebuleni kwa jirani wa chini, na kipindupindu hakijui nani alikifungulia.

Maji yakishapita

Mkono utakuwasha kushika fagio. Usifagie. Kwanza chukua mkaa, uchore mstari ukutani maji yalipofikia, uandike tarehe na saa, usimame kando yake upigwe picha. Piga picha kila kilichoharibika kabla hujakitoa nje. Orodhesha kwa mkono, kitu na bei uliyonunulia. Hapo ndipo picha zako za zamani zinapofanya kazi, kwa sababu afisa wa tathmini anachoona ni tope, hajui kama chini yake kulikuwa na cherehani au debe.

Kisha uandikishwe. Hapa ndipo nilipoumia mimi. Asubuhi baada ya mafuriko ya 2011 nilimpeleka mama yangu kwa dada, maana alikuwa anakohoa na nguo zote zimelowa. Nikakaa siku mbili. Niliporudi kwenye shule tuliyokuwa tumehifadhiwa, orodha ilikuwa imeshapita na jina langu halikuwemo. Kijana aliyekaa mezani akaniambia, "Mzee, waathirika wote wapo humu." Nikamuuliza mimi ni nani basi. Nilikwenda na kurudi mara tatu, na kilichoniokoa ni barua ya mjumbe wa shina aliyethibitisha kwamba ananifahamu na nyumba yangu anaifahamu. Waliokuwa hawana mjumbe wa kuwatetea walibaki nje.

Kwa hiyo msiondoke wote. Mmoja abaki mpaka jina liandikwe, na liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, si jina la utani wala "Baba fulani". Piga picha ukurasa wenye jina lako. Kama umepanga, beba mkataba wako au risiti za kodi ya pango, maana mpangaji husahaulika kwa urahisi kuliko kuku wa mwenye nyumba.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 kuna kamati za maafa kuanzia chini hadi taifa, na ya wilaya iko chini ya mkuu wa wilaya. Hizo ndizo za kuandikia. Barua iwe fupi, mfano huu nimewaandikia watu wengi:

"Mimi ni mkazi wa mtaa wa …, nyumba namba …, ninaishi na watu … Tarehe … saa … maji yaliingia nyumbani kwangu kwa kina cha futi … Mali zilizoharibika nimeziorodhesha na picha nimeziambatanisha. Ninaomba (1) kuandikishwa miongoni mwa waathirika, (2) kufanyiwa tathmini, (3) kujibiwa kwa maandishi."

Chapa nakala tatu: ya mtendaji wa kata, ya wilaya, na yako. Ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiondoke bila muhuri huo, hata kama karani anakwambia ataigonga kesho.

Msaada, fidia na kesi

Hapa watu huchanganya, na kuchanganya huko kunawagharimu miaka.

Unga, maharage, blanketi, hema ni msaada. Serikali ina wajibu wa kuratibu uokoaji na misaada ya namna hiyo, na ukinyimwa una haki ya kupiga kelele. Lakini sijawahi kuonyeshwa sheria inayosema kila nyumba iliyobebwa na maji itajengwa upya kwa pesa za umma. Mwaka 2024, Aprili, Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa kwa mvua za El Niño na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Fikiria nyumba ngapi hizo. Kujengewa hutokea, ila hutokea kwa uamuzi. Kule Hanang, tope lilipoporomoka kutoka mlimani tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu 89, serikali na Msalaba Mwekundu walijenga nyumba 109 za waathirika eneo la Waret. Vizuri sana, nimefurahi kwa ajili yao. Lakini mtu wa Msimbazi asikae juu ya kifusi akisubiri Waret yake. Serikali humtazama kwa jicho jingine: wewe ulikatazwa ukakaidi. Nami nasema jicho hilo linaona nusu. Aliyeuziwa kwa muhuri, akaungiwa umeme na kutozwa kodi, hakukaidi peke yake.

Fidia ni jambo jingine kabisa. Fidia inakuja pale serikali inapoichukua ardhi yako kwa mradi. Ndiyo iliyokuja bondeni hivi karibuni na mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, wa kujenga daraja la juu pale Jangwani na kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji. Watu ambao 2015 wenzao walivunjiwa bila senti, safari hii walithaminiwa. Mto ule ule, mita zile zile 60. Sielewi mantiki yake mpaka leo, ila ndiyo hali.

Kwa hiyo angalia ukuta wako umeandikwa nini. X nyekundu maana yake unaambiwa umevunja sheria. Muda wako ni mfupi, na hapo ndipo pa kumtafuta mwanasheria siku hiyo hiyo. Mapema 2016 baadhi ya wakazi walikwenda Mahakama Kuu wakapata zuio la muda, na walichokibeba mkononi ni leseni za makazi na mikataba yao. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa sheria bure, vivyo hivyo wasaidizi wa sheria walioko kwenye kata nyingi.

Ukutani ikiwa ni namba ya uthamini, kaa nyumbani siku mthamini anapokuja. Mfuate chumba kwa chumba. Hakikisha amehesabu choo cha nje, kisima, ukuta wa uzio, jamvi la uani na mnazi. Mimi kama fundi nakuambia wanasahau msingi: nyumba ya bondeni ina pesa nyingi chini ya ardhi kuliko juu. Mwambie kozi ngapi zimezama, umwonyeshe. Usitie saini fomu yenye nafasi tupu. Zaidi ya thamani ya nyumba na ardhi, kanuni zinataja posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea kama una biashara pale. Malipo yakichelewa kupita miezi sita kuna riba. Wengi hawaidai kwa sababu hawajui kama ipo.

Kesi ya kudai serikali ilipe mafuriko yenyewe ni ngumu. Inapata nguvu pale unapoweza kuonyesha mkono wa mtu: mkandarasi wa barabara kageuza mfereji ukaelekea kwako, au kalavati limezibwa wakati wa ujenzi. Hapo picha za kabla na baada zina thamani ya dhahabu. Kabla ya kufungua kesi dhidi ya serikali, na siku hizi hata halmashauri, unatakiwa utoe notisi ya siku 90. Mwanasheria akikwambia twende mahakamani kesho kutwa bila notisi, tafuta mwingine.

Ukipewa kiwanja cha kuhamia

Mwaka 2012 baadhi yetu tulipelekwa Mabwepande, tukaanza na mahema. Kutoka pale hadi Kariakoo ni safari ya kuamka saa kumi alfajiri. Wengi waliuza viwanja vyao kwa bei ya kutupa wakarudi Jangwani, na watu wa mjini wakawasema kwamba ni wabishi. Mimi nilikaa nao kwenye hema zile, si wabishi. Mama anayekaanga samaki Kariakoo huwezi kumpa ardhi mahali ambapo nauli inakula samaki wote halafu umshangae.

Nilibaki kwa sababu mafundi hutafutwa panapojengwa, na kule kulikuwa kunajengwa. Kama kazi yako haihami, kaa na familia mgawane: mmoja ashike kiwanja, mwingine ashike kazi, mkutane mwisho wa wiki. Usiuze mwaka wa kwanza. Fuatilia barua ya toleo (ofa) yenye jina lako na la mwenzi wako, kwa sababu karatasi ya kugawiwa peke yake siyo hati. Panda miti mipakani mwezi huo huo. Jenga chumba kimoja na choo, hamia. Kiwanja kitupu kina wenyewe wengi.

Na huko mlimani pia, chimba shimo la futi tatu kwanza.

Yule mama wa 2014 sasa amepanga Kimara. Mwezi uliopita alinipigia: amepata kiwanja huko Chanika, bei nzuri, dalali ana haraka. Nikamuuliza kuna nini upande wa chini. Akasema kuna kijito kidogo, kimekauka. Nimemwambia amwombe dalali subira. Aprili mvua ikishika tutapanda daladala pamoja, mimi na mabuti yangu na koleo, na safari hii shimo nachimba bure.